Usiupige Mpira, Upanguse



Mwanafunzi mmoja aliyeko chuo huko Ohio ameniandikia. Anasema kwenye bweni lao kuna meza ya mpira wa meza, kila jioni anacheza, na kila jioni anafungwa kwa njia ile ile. Wenzake wameshamjua: wanampelekea mpira uliokatwa upande wake wa kushoto, naye anautia kwenye neti. Akijaribu kuupiga kwa nguvu, unakwenda nje. Anauliza, "Kaka, nifanyeje na hii bekihendi yangu?"

Swali lake limenigusa, kwa sababu hapa nyumbani kwangu Leicester tulikuwa na shida hiyo hiyo, na aliyeileta ni mimi.

Mimi nilijifunza mchezo huu Tanga, nikiwa shule ya msingi, kwenye meza ya saruji chini ya mwembe. Neti yetu ilikuwa ubao uliolazwa juu ya matofali mawili. Raketi tulizichonga wenyewe, mbao tupu bila raba. Raketi isiyo na raba haiushiki mpira, kwa hiyo hakuna mzunguko wa maana unaoweza kuupa. Kilichobaki ni kusukuma tu na kungoja mwenzako akosee. Mimi nilikuwa hodari wa kusukuma. Darasa zima hakuna aliyeniweza.

Binti yangu alipofika miaka 9 nilimpeleka kwenye klabu ya mtaani kwetu. Nafanya kazi ghalani, zamu ya usiku, na Jumamosi asubuhi ndiyo saa yetu sisi wawili. Forihendi, yaani pigo la upande wa kiganja, alifundishwa na makocha. Bekihendi, pigo la upande wa mgongo wa mkono, nilimfundisha mimi. Nikampa nilichokuwa nacho: kusukuma.

Alipofika miaka 12 akaingizwa kwenye timu ya watoto ya klabu. Mwezi wa kwanza alishinda mechi nyingi. Kisha wapinzani wakamsoma. Wakaacha kabisa kupeleka mpira kuliani kwake. Kila mpira uliokatwa ukaenda kushoto, yeye anasukuma, wao wanapata mpira mlaini wa kumalizia. Usiku mmoja alifungwa seti tatu kwa sifuri na msichana mdogo kuliko yeye. Mimi nilikuwa kwenye benchi nikipiga kelele kwa Kiswahili, "Sukuma! Sukuma!"

Ndani ya gari akaniambia, "Baba, nataka kuacha."

Nikamuuliza, "Kwa nini, mwanangu?"

"Wewe unasema nisukume, kocha anasema nisisukume. Nikikusikiliza wewe nafungwa. Nikimsikiliza yeye, naona kama nakukosea adabu."

Wazazi wenzangu, nilikosa la kusema. Tunahangaika huku ugenini kuwafundisha watoto heshima. Wangu aliishika heshima hiyo mpaka ikamfunga mechi.

Wiki iliyofuata nilikwenda kwa kocha wake, bibi mmoja mtu wa Hong Kong, umri wake umeshapita miaka 60. Nilidhani atanilaumu. Hakunilaumu. Alinipa raketi akaniambia nisimame mezani. Akanikatia mpira kushoto, nikasukuma. Mara tano nikasukuma vizuri tu. Akasema, "Sasa uinue kwa mzunguko." Nikautia kwenye neti. Mara kumi, neti. Akacheka kidogo, akasema, "Sasa unajua mtoto anahisi nini. Jumamosi mje wote wawili."

Basi tukaanza upya, mimi na binti yangu, kutoka sifuri. Haya ninayowaandikia ndiyo tuliyojifunza.

Kwanza, kwa nini mpira unakwenda kwenye neti? Mpira wa meza ni mwepesi mno: uzito wake gramu 2.7, upana wake milimita 40. Kitu chepesi namna hiyo hewa inakichezea itakavyo. Mpira ukizunguka kwenda mbele, yaani upande wake wa juu ukiwa unakimbilia kwa mpinzani, hewa inaukandamiza chini. Ndiyo maana unaweza kuupeleka kwa kasi, ukapita juu ya neti, kisha ukazama mezani badala ya kutoka nje. Ukishagusa meza unachupa mbele. Mzunguko huo ndio unaoitwa topispini.

Mpira uliokatwa ni kinyume chake. Unazunguka kurudi kwa yule aliyeupiga. Ukiupokea kwa raketi iliyosimama wima, mzunguko ule unauvuta mpira chini kwenye raba yako, nao unaangukia kwenye neti. Ukiinamisha uso wa raketi nyuma na kusukuma, unavuka, lakini unavuka polepole na mpinzani anakungoja. Njia ya tatu ndiyo tunayoitafuta: kuuinua mpira kwa kuupa mzunguko mpya wa kwenda mbele, wenye nguvu kuliko ule ulioujia nao.

Kocha alikuwa akieleza kwa Kiingereza chake, mimi nikisikia kwa Kiingereza changu, na mtoto katikati. Mwishowe nilifupisha yote kwa maneno manne ya Kiswahili ili tuyakumbuke nyumbani: shuka, subiri, pangusa, rudi. Nitayaeleza moja moja. Naeleza kwa anayetumia mkono wa kulia. Wa mashoto wageuze.

Shuka. Miguu ipanuke kidogo kupita mabega, magoti yakunjwe, uzito uwe mbele ya nyayo na visigino viwe vyepesi. Katika bekihendi miguu inakuwa karibu sambamba mbele ya meza, si upande upande kama kwenye forihendi. Kisha raketi ishuke chini ya mpira, katikati ya mapaja yako, kifundo cha mkono kikiwa kimekunjwa ndani, ncha ya raketi ikielekea tumboni. Kosa letu sisi wawili lilikuwa kusimama wima kama tunaoimba wimbo wa taifa. Ukisimama wima raketi yako inakuwa juu ya mpira, na aliye juu ya mpira hawezi kuuinua.

Kiwiko nacho kina mahali pake: mbele kidogo ya mwili, mbali na mbavu kiasi cha kuingiza ngumi. Kikibanwa mbavuni, mkono hauna nafasi ya kufunguka. Kikiinuliwa hadi usawa wa bega, unapiga kwa bega zima na mpira unapotea. Binti yangu alikibana, mimi nilikiinua. Kila mtu na ugonjwa wake.

Subiri. Hili ndilo lililotutesa zaidi. Mpira ukidunda mezani unapanda, unafika kileleni, kisha unaanza kushuka. Mpira uliokatwa upanguse ukiwa kileleni au ukiwa ndiyo kwanza unaanza kushuka, na uwe mbele ya tumbo lako, si ubavuni. Asiye na subira anaukimbilia ukiwa bado unapanda, raketi haijafika chini, na mkono unaishia kuusukuma tu. Kocha alikuwa akimwambia binti yangu ahesabu kimoyomoyo kidogo kabla ya kupiga. Mimi alinishika bega kabisa.

Kusubiri hakumaanishi kusimama tu. Kama mpira haukuja mbele ya tumbo, peleka tumbo kwenye mpira: hatua ndogo ya pembeni, miguu yote miwili. Anayenyoosha mkono kuufuata mpira hana tena bekihendi.

Pangusa. Fikiria unavyopangusa vumbi kwenye kioo. Huligongi kioo, unapitisha kitambaa juu yake. Raba ipite nyuma ya mpira kwa namna hiyo, ikienda juu na mbele kwa pamoja. Mpira ukiwa umekatwa sana, juu zaidi. Ukiwa umekatwa kidogo, mbele zaidi. Ukisikia mlio mkubwa wa ubao, umegonga. Ukisikia mlio mdogo wa raba, umepangusa.

Nguvu inatoka wapi? Magoti yanainuka kwanza, kiuno kinafuata, mkono wa mbele unafunguka kwenye kiwiko, na kifundo cha mkono kinamalizia kwa haraka, kama mtoto anayerusha kisahani cha plastiki uwanjani. Raketi iishie karibu na usawa wa paji la uso, ikielekea kule unakoupeleka mpira. Kiwiko kibaki karibu pale pale kilipokuwa. Kiwe kama bawaba ya mlango.

Yote hayo hayawezekani ukiikaba raketi. Ishike kama umeshika kifaranga: usimwachie, usimminye. Unaikaza kidogo pale tu inapogusa mpira. Mimi nilikuwa nikiishika kama nyundo, kwa hiyo kifundo changu kilikuwa kimekufa. Siku niliyolegeza vidole ndiyo siku mpira wa kwanza ulipovuka neti, ukazama mezani na kuchupa. Binti yangu alipiga makofi. Sikuwahi kupigiwa makofi na mtoto wangu kabla ya siku ile.

Rudi. Ukishapangusa, raketi irudi mbele ya kifua na magoti yakunjwe tena. Ukipiga pigo zuri unapenda kulitazama, nasi tulifanya hivyo mara nyingi. Mpinzani anakuwa ameshaurudisha mpira na wewe bado unasherehekea.

Hapo kuna jambo la kuangalia. Mpira wa pili, ule anaouzuia mpinzani baada ya topispini yako, hauji umekatwa. Unakuja na mzunguko wa kwenda mbele na unakuja kwa haraka. Ukiuinua kama ule wa kwanza utaruka nje ya meza. Kwa mpira huo raketi isishuke sana. Ianzie usawa wa mpira, uso wake uinamie mezani, pigo liwe fupi na liende mbele kuliko juu, na uuguse mapema, unapokaribia kilele. Ukimtazama Fan Zhendong wa China, aliyetwaa dhahabu ya wanaume mmoja mmoja kwenye Olimpiki ya Paris 2024, utaona bekihendi yake karibu na meza ni fupi sana. Mkono hauendi mbali, lakini kifundo na miguu vinafanya kazi. Na anayetaka kumwona Mwafrika mwenzetu amtazame Quadri Aruna wa Nigeria, aliyefika robo fainali kwenye Olimpiki ya Rio 2016. Mtazameni miguu zaidi ya mkono.

Sasa mazoezi ya nyumbani, maana klabu ni mara moja kwa wiki, na wengine hamna klabu kabisa.

La kwanza, kioo. Simama mbele ya kioo bila mpira, fanya pigo mara 20 polepole, ukitaja maneno manne kwa sauti. Dakika 5 zinatosha. Mke wangu alidhani tumechanganyikiwa.

La pili, gurudumu. Geuza baiskeli ya mtoto juu chini, chukua raketi ya zamani, ulipanguse gurudumu lizunguke. Ukiligonga halizunguki vizuri. Ukilipangusa linakwenda lenyewe. Mtoto anaelewa kwa dakika moja jambo ambalo mimi nilishindwa kumweleza kwa miaka mitatu.

La tatu, sakafu. Dondosha mpira, ukidunda upanguse kwa bekihendi kuelekea mbele. Ukitua uangalie: ukichupa na kukimbia mbele, umeupa mzunguko. Ukidunda tu mahali pale pale, umegonga.

La nne, ndoo. Hili linahitaji meza na mtu wa pili. Jaza mipira 20 kwenye ndoo ndogo, mmoja awe anaikata na kuipeleka mahali pamoja, upande wa bekihendi, mmoja baada ya mwingine bila haraka. Msihesabu pointi. Hesabuni mingapi imepanguswa, hata ile iliyotoka nje. Mpira uliotoka nje ukiwa na mzunguko mzuri ni bora kuliko ulioingia kwa kusukumwa, kwa sababu ule wa kwanza unahitaji kurekebishwa kidogo tu. Piga video kwa simu, polepole, mara moja kwa wiki. Video ilinionyesha kiwiko changu kikipaa, jambo ambalo ningelikana mbele ya hakimu.

Na kila wiki rekebisha kitu kimoja tu. Wiki ya magoti ni ya magoti. Mtoto akiambiwa mambo matano kwa pigo moja, anasikia kelele tu.

Kuhusu vifaa, msiingie hasara. Raketi za bei kubwa zina mbao za kasi na sponji nene, na mtu anayejifunza kupangusa hazimfai. Mpira unaondoka kabla hajauhisi. Tafuta raketi ya kasi ya wastani, yenye raba laini ya uso na sponji ya milimita 1.8 au 2. Muhimu zaidi ni raba iwe hai. Pitisha kidole juu yake: kikiteleza kama kwenye sahani, raba imekufa na haitashika mpira hata ungepangusa vipi. Ifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo baada ya kucheza, uiweke mbali na jua na hita. Wa Muscat na Dubai, msiiache ndani ya gari.

Nisiwadanganye kuhusu muda. Wiki sita za mwanzo binti yangu alifungwa zaidi kuliko alipokuwa akisukuma. Mazoea yana taabu. Mkono wa zamani unajua njia, mkono mpya bado unauliza. Kocha alituonya mapema, akaniomba jambo moja tu: kwenye mechi nisiseme kitu. Nikabaki nimekaa kwenye benchi, mikono chini ya mapaja, nimefunga mdomo. Nawaambieni, hilo lilikuwa gumu kuliko bekihendi yenyewe.

Miezi mitano baadaye alikutana tena na yule msichana aliyemfunga tatu kwa sifuri. Safari hii walikwenda mpaka seti ya tano. Wakiwa 8 kwa 9, binti yangu yuko nyuma, mpira ukakatwa kushoto, chini, mrefu. Mahali pale pale pa siku zote. Nikaona midomo yake ikitikisika. Nilikuwa mbali, sikusikia, lakini najua neno la kwanza lilikuwa lipi, kwa sababu magoti yalishuka. Akasubiri. Raketi ikapita, mpira ukazama karibu na ukingo wa meza na kuchupa, na yule msichana akaukosa kabisa. Ikawa 9 kwa 9.

Alifungwa 11 kwa 9. Mpinzani naye alikuwa amefanya mazoezi.

Ndani ya gari tulikaa kimya mpaka karibu na nyumbani. Nilikuwa nimejiandaa kusikia lile neno la kuacha. Akasema, "Baba, kesho tufanye ndoo. Ile ya 9 kwa 9 niliweza. Mbili za mwisho sikurudi."

Nikamjibu, "Haya, mama. Kesho ndoo."

Kuna jambo jingine nililoliona baadaye. Mtoto huyu, kama watoto wetu wengi huku, nikimsemesha Kiswahili hunijibu Kiingereza. Lakini mezani, presha ikipanda, maneno yanayomjia ni shuka, subiri, pangusa, rudi. Sikuyapanga yawe somo la lugha. Yamekaa kwa sababu yana kazi.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Ohio, jibu lako ni hili. Wiki hii usifanye chochote ila kushuka. Usijali pointi, wala usijali wenzako wakicheka. Wiki ijayo ongeza kusubiri. Mtafute mwenzako mmoja wa bwenini akukatie mipira 20 kila jioni kabla ya kuanza mechi, nawe umkatie yake, ili asione ni mzigo. Mwisho wa muhula niandikie. Ukiona mpira bado unakwenda kwenye neti, nitumie video, tutazame kiwiko.

Nanyi wazazi mnaofundisha watoto wenu mchezo mliocheza nyumbani, wafundisheni, ni vizuri. Ila kocha akisema vingine, simameni ninyi kwanza mezani mjaribu. Mkikosa mara kumi mbele ya mtoto, hamtapungukiwa heshima. Yangu haikupungua.

Tukutane toleo lijalo. Mama mmoja wa Doha anauliza jinsi ya kumzoesha kuogelea mtoto anayeogopa maji, nami nitamjibu.